Mama alivunjika nyonga akiwa na miaka 76, hivi ndivyo tulivyomrudisha kwenye miguu yake

Tangu mama yangu aanze kuonekana tena jumuiya, watu wa nyumbani kwetu Kibosho, Kilimanjaro, na hata wa huku Arusha ninakoishi wananipigia simu kila mara, mzee wao kaanguka, kavunjika nyonga, wanataka kujua sisi tulifanyaje. Nimeeleza kwenye simu mpaka nikaona bora niandike yote mahali pamoja, na nitasema na hela na machozi maana hivyo vitu watu wanavificha halafu mwenzao anakuja kushtukia akiwa tayari wodini.

Mama alianguka msimu wa masika, njia ya kwenda zizini ilikuwa tope tupu na miguuni alivaa ndala. Wifi yangu ndiye aliyemkuta. Alichokiona ni kwamba mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto na unyayo umelala kuangalia nje, na mama hawezi kuunyanyua hata kidogo. Hiyo ikariri kabisa. Mzee akianguka ukauona mguu wake hivyo, usimsimamishe, usimvute, usimkande, hiyo ni nyonga mpaka eksirei iseme vinginevyo. Jirani mmoja alishataka aitwe mkandaji, mzee mwenye sifa zake pale kijijini, na najua alisema kwa upendo, lakini wifi alikataa, akaomba pikapu, wakamtoa mama akiwa juu ya godoro lake na mto katikati ya miguu wakashuka naye Moshi taratibu. Yule wifi namshukuru mpaka leo.

Hospitali walituambia shingo ya mfupa wa paja imekatika na kwa umri wake hawawezi kuiunga, kwa sababu pale mfupa ukikatika damu inayolisha kile kichwa cha mfupa mara nyingi inakatika nayo, kwa hiyo wanaondoa kichwa wanaweka cha chuma. Na wakasema upasuaji ukiwahi ndiyo vizuri, siku mbili za kwanza ikiwezekana. Sasa hapo ndipo pagumu. Chuma kina bei yake na kipindi kile hakikuwepo palepale, ikabidi kiagizwe, tukafungua grupu la ukoo la WhatsApp, shangazi wa Dar katuma, watoto wa baba mdogo wametuma, mimi nilichukua mkopo wa vikoba, mdogo wangu aliuza ndama. Zaidi ya milioni mbili zilitoka kabla hata hajaingia chumba cha upasuaji, na siku zikapita mama kalala chali mguu umefungwa uzito. Ushauri wangu kwa hapo ni mmoja: siku ileile ya kwanza nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu, ipo kwenye sera ya wazee tangu 2003, na hata kama msamaha hautagusa kile chuma, utagusa vitu vingine vinavyokula hela kimyakimya, kitanda, vipimo, dawa. Kama mzee ana bima uliza mapema kabisa inalipia nini, ikiwemo mazoezi baada ya kutoka, usisubiri kuambiwa dirishani.

Wakati tunasubiri chuma ndipo nilipokutana na dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kijana tu, alipita kitandani akaamkia, "Shikamoo mama", akaanza kumfundisha kuvuta pumzi ndefu kwa pua, kuishika kidogo, kuitoa, halafu kukohoa kwa nguvu, na kupiga kifundo cha mguu juu chini juu chini kama anakanyaga cherehani, kila saa akiwa macho. Mimi nilijiuliza mtu kavunjika nyonga unamfundisha kukohoa wa nini. Akanieleza kwamba mzee akivunjika nyonga mara nyingi kinachomuua si ule mfupa, ni kulala. Akilala mapafu yanajaa anapata nimonia, damu inaganda kwenye miguu, ngozi ya makalio na visigino inaoza, na misuli inayeyuka kwa haraka sana kuliko ya kijana. Hayo maneno ndiyo yalinibadilisha, na kila kitu kilichofuata tulikipima kwa hayo maneno.

Baada ya upasuaji kuna kitu kimoja kilitutisha na hakuna aliyetuandaa. Usiku wa kwanza mama alianza kuongea na baba, ambaye ni marehemu siku nyingi, anataka kushuka kitandani akakamue ng'ombe, anavuta ile mipira ya dripu, mchana analala, akiamka hamjui mdogo wangu. Ndugu wakaanza kusema maneno, wengine wanasema ndiyo anaaga, mwingine akasema amefanyiwa kitu. Mimi nililia kwenye korido ile siku, sikujificha. Daktari wa zamu alitueleza vizuri kwamba wazee wengi huchanganyikiwa baada ya upasuaji wa nyonga, sababu ni dawa, maumivu, maji kupungua mwilini, maambukizi, kukosa usingizi, na kwa wengi inapita. Akatuambia mvalisheni miwani yake, mfungulieni pazia mchana aone jua, mnyweshe maji, akae mtu anayemfahamu, mmwambie leo ni siku gani na yupo wapi, msibishane naye. Tukafanya hivyo, akarudi kidogo kidogo. Kwa hiyo ukiona hivyo mwite daktari aangalie chanzo, na wale wanaoleta habari za kurogwa waambie wakamwombee nyumbani.

Sasa kusimama. Kesho yake tu baada ya upasuaji yule dada wa fizio alikuja na mwenzake na woka, ile fremu ya chuma ya kutembelea, wakasema mama anasimama leo. Shangazi yangu aliyekuwepo alipiga kelele, "Mtamuua dada yangu, jana kakatwa leo mnamsimamisha?" na ukweli ni kwamba wodi nzima ilikuwa upande wa shangazi. Wakampa dawa ya maumivu kwanza, wakasubiri kama nusu saa ianze kufanya kazi (hii tuliendelea nayo hata nyumbani, dawa kabla ya mazoezi, si baada), wakamkalisha ukingoni mwa kitanda miguu inaning'inia, wakamwacha akae kwanza, wanamuuliza kizunguzungu kipo, kwa sababu mama ni mtu wa presha na dawa za presha zinaweza kumwangusha mzee akisimama ghafla. Halafu wakamwinua. Alisimama akitetemeka mikono yote, jasho linamtoka puani, akapiga hatua chache mpaka kwenye kiti, akakaa. Alilia na kusali hapohapo. Lakini alikula ugali wake amekaa kwenye kiti siku hiyo, na chakula ukiwa umekaa kinashuka vizuri kuliko umelala.

Mpangilio wa kutembea na woka ni huu na sisi tulikuwa tunauimba nyumbani mpaka watoto wakaujua: woka kwanza, mguu mbovu, mguu mzima. Urefu wa woka nao si wa kubahatisha, mzee akisimama wima mikono imening'inia, pale pa kushikia panatakiwa pafike usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, hapo akishika kiwiko kinapinda kidogo. Woka tuliyonunua dukani mjini ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mtu mrefu na mama ni mfupi, alikuwa anapandisha mabega mpaka masikioni, fizio alibonyeza vile vitufe vya miguuni akaishusha matundu mawili, mama akasema kumbe ni nyepesi.

Kuruhusiwa ndiko kulikuja na mjadala mkubwa kwenye ukoo. Mama alitaka Kibosho kwake, kwa migomba yake. Sisi tukaona ile njia ya kupanda, utelezi, choo kiko nje cha kuchuchumaa, na kliniki ya mazoezi ipo mjini, tukaamua akae kwanza kwa mdogo wangu, mtaa wa Pasua pale Moshi mjini ambako ni tambarare. Hapa niseme jambo ambalo naliona kubwa kuliko mengine yote. Siku ya kufundishwa mazoezi kabla ya kutoka, ndugu waliojaa pale wodini tulikuwa watoto, mashemeji, watu wa kwaya, na yule fizio akauliza, "Nani analala naye nyumba moja?" Kimya. Akasema basi huyo ndiye nataka, aitwe. Tukampigia wifi, akaacha kazi zake akashuka, akafundishwa yeye, akafanya kwa mikono yake mbele ya fizio, kumgeuza, kumwinua kwa kushika kiuno na siyo kwapa, kumpeleka choo. Mimi mtoto wa kike niliyeko Arusha nikarekodi video kwenye simu, lakini video haimwinui mtu usiku wa manane. Kama anayelala na mzee ni dada wa kazi, basi dada wa kazi ndiye aende kliniki, na alipwe nauli na alipwe kwa kazi hiyo maana ni kazi ya ziada na ni nzito mgongoni.

Masharti ya nyonga ya chuma tuliyopewa: asikunje nyonga kupita pembe ya kiti cha kawaida, asipishanishe miguu, asizungushe mguu kuuingiza ndani, mto ukae katikati ya mapaja akilala ubavu. Yeye aliambiwa miezi mitatu, ila wengine wanaambiwa wiki 6 tu na wengine hawapewi masharti hayo kabisa, inategemea walipasulia upande gani wa nyonga, mbele au nyuma, kwa hiyo muulize daktari aliyempasua mzee wako, usichukue ya mama yangu. Sasa fikiria hayo masharti kwa mama wa Kichagga. Kile kigoda chake cha kukalia jikoni kwenye mafiga ni kifupi kuliko goti, akikaa pale magoti yanagusa kifua. Kupiga magoti kanisani, hapana. Kuinama kufagia, hapana. Choo cha kuchuchumaa ndiyo kabisa hapana. Tulienda kwa fundi wa kuchomelea pale mjini na vipimo, akatutengenezea kiti cha chuma chenye tundu katikati na mikono pembeni, unakiweka juu ya choo cha chini, miguu ya kiti imevalishwa mpira isiteleze, kiliisha kwa elfu hamsini na tano. Kile kiti kilimsaidia mama kuliko kitu kingine chochote tulichonunua. Na seremala akamwongezea kitanda matofali ya mbao kila mguu, maana kitanda kikiwa chini mzee hawezi kunyanyuka bila kujikunja.

Usafiri nao ni somo. Bajaji ni fupi, kiti kiko chini na mlango mwembamba, mwanzoni hatukumpandisha kabisa. Tulikuwa tunamwomba jirani mwenye Noah, tunasogeza kiti nyuma kabisa, tunaweka mto mgumu, mama anageuka makalio kwanza anakaa, halafu miguu yote miwili inaingia pamoja. Mafuta tunaweka sisi. Hela ya usafiri kwa ile miezi ilipita hela ya kliniki yenyewe, hiyo ipangieni bajeti tangu mwanzo, mtaona.

Mazoezi yenyewe hayana mashine. Kulala na kukaza msuli wa paja ukibonyeza goti kwenye godoro, kuburuza kisigino kuelekea makalio (bila kuzidisha), kubana makalio, kuinua kiuno. Baadaye kusimama ameshika meza ya jikoni, kupeleka mguu pembeni, kupanda na kushuka kwa vidole. Na lile la kukaa na kusimama kwenye kiti kirefu bila kuvuta kitu, ambalo fizio alisema akipewa nafasi ya kuchagua zoezi moja tu kwa mzee atachagua hilo, kwa sababu anayeweza kuinuka mwenyewe anaweza kwenda choo mwenyewe. Kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, siyo saa zima mara moja kwa wiki kliniki halafu siku zilizobaki kalala anaangalia TV. Chakula kikaenda sambamba, mayai, maharage, maziwa, dagaa, kwa sababu msuli haujengwi kwa uji mtupu na wagonjwa wetu tunawalisha uji mpaka wanaisha. Kuhusu dawa, zile kali za maumivu zilimfunga choo vibaya akaacha kula, papai na maji vikasaidia, na diklofenaki ambazo tunanunua dukani kama pipi daktari alituzuia kabisa kwa mzee mwenye presha, zinaumiza figo.

Halafu kuna kukanda. Kila mgeni alikuja na chupa ya mafuta. Siku moja kigimbi cha mguu uliopasuliwa kilivimba kikawa cha moto na kinauma, na mgeni akashika tayari aanze kukanda, wifi akamzuia kwa adabu akanipigia, nikampigia fizio, akasema msiguse mkimbizeni hospitali sasa hivi. Walimpima, ilikuwa damu imeganda, akaanza dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Kigimbi kimoja kikivimba hivyo, au mzee akianza kuhema ghafla na kifua kuuma, hiyo siyo ya kusubiri asubuhi.

Kitu kigumu kuliko maumivu kilikuwa hofu. Ikafika mahali kidonda kimepona, eksirei nzuri, mama hataki kutembea, anasema nitaanguka tena, anashinda kitandani amegeukia ukutani. Na sisi kwa huruma tunamletea kila kitu, maji mkononi, chakula mkononi, ndoo ya kukojolea pembeni ya kitanda. Kwenye kliniki fizio akavuta kiti akakaa mbele yake akamuuliza, "Mama, ukipona kabisa unataka ufanye nini?" Tulidhani atasema kwenda kanisani. Akasema, "Nataka nikamwone ng'ombe wangu, huyu mtoto anamlisha vibaya." Fizio akaandika kwenye kadi yake, ng'ombe. Kuanzia hapo mazoezi yote yakawa ya ng'ombe. Alimwekea tofali apande na kushuka kwa sababu mlangoni kwa zizi kuna kizingiti, mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mbovu unatangulia kushuka. Akamtembeza kwenye nyasi na changarawe nje ya kliniki. Akambebesha kikapu chepesi. Na mama akaanza kudai mazoezi mwenyewe, yaani wifi akichelewa anaitwa. Kwa hiyo msimwambie mzee "fanya mazoezi upone", mwulizeni anataka kurudi kufanya nini, muanzie hapo.

Kilimanjaro na Arusha tuna bahati ambayo hatuitumii. Hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi ipo tangu 1971, fiziotherapia inafundishwa palepale, na chuo cha TATCOT kiko hapo tangu 1981 kinafundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya wenye shida ya kutembea, watu wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma. Lakini wazee wengi wakishatolewa nyuzi ndiyo wanapotelea kijijini, hakuna aliyewaandikia kwenda mazoezi na wao hawakuuliza. Kabla ya kutoka wodini uliza kwa mdomo wako: fizio tunarudi lini, nani anatuandikia, karibu na nyumbani kuna hospitali yenye fizio? Kama nauli ni tatizo sema, watakupangia mazoezi ya nyumbani na kurudi mara chache. Sisi mwishoni tulikuwa tunarudi mara moja kwa mwezi tu.

Kibosho alirudi kiangazi kilipoanza, njia imekauka. Kabla hajapanda mdogo wangu alikwenda siku mbili akaandaa: bomba la chuma la kushikia kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni, taa ya sola njiani, mazulia yote yametolewa, kamba ya mbuzi imehamishwa isikatize njia, kigoda kimepanda juu ya kabati na mahali pake pakawekwa stuli ndefu. Ndala zimepigwa marufuku, anavaa raba za kufunga nyuma. Ameacha woka, anatembea na bakora, na anaishika mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, maana watu wengi wanaishika upande wa mguu mbovu na hiyo haimsaidii. Kukata majani na kubeba mzigo kichwani haiwezi tena, hilo lilimuumiza na bado linamuuma, ametafutiwa kijana analipwa kwa mwezi. Kumlisha na kumkamua ng'ombe wake anakaa kwenye stuli yake anafanya mwenyewe. Masika yakija anashinda ndani siku za mvua kubwa, analalamika, na mazoezi ya meza anaendelea nayo kwa sababu wifi haachi.

Mkienda kliniki ya mazoezi mara ya kwanza bebeni filamu za eksirei, kadi ya kuruhusiwa, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye mfuko mmoja mpaka za presha na za kienyeji, viatu anavyovaa kila siku siyo vya Jumapili, woka au bakora yake ipimwe, picha kwenye simu za choo chenu na kitanda na ngazi za mlangoni, na nendeni na yule anayelala naye.